Injini ya dizeli kwenye 504 ya Baba: jibu langu kwa familia

Baridi ya Johannesburg mwaka huu imeamua kunikomoa. Asubuhi natoka zamu ya usiku nakuta kioo cha gari kimeganda barafu, namwagia maji huku natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Najua nimepotea hapa kwa muda mrefu. Shangazi ameshaniandikia kwamba ukurasa wangu umeota buibui. Nisameheni, wodi ilitulemea, na ukitoka kwenye zamu nne mfululizo hata kalamu ni mzigo.

Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo limekaa kwenye kundi letu la WhatsApp wiki nzima na watu wanasema "dada wa Joni amenyamaza, ina maana hataki". Sijanyamaza kwa kutotaka, nilikuwa nafikiri. Na nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike mara moja, wote msome, pamoja na marafiki mnaopita hapa ambao huenda nanyi mna gari la mzee limelala nyuma ya nyumba.

Kwa wasiojua kisa ni hivi. Baba yetu aliacha Peugeot 504, saluni, rangi ya maziwa. Tangu afariki imekaa Lushoto chini ya mparachichi, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kaka mkubwa amekuja na mpango. Injini ya petroli iling'oka gasketi ya silinda hedi na inakula oili, basi tuitupe, tununue injini ya dizeli ya mtumba ya Toyota, ile 3L inayotoka kwenye Hiace, tuifunge humo. Fundi ameshamwambia kazi yote pamoja na injini ni shilingi milioni nne na nusu. Kaka anasema gari litakuwa la uchumi, dizeli hainywi mafuta, tutaokoa hela na urithi wa mzee utafufuka. Halafu ikafuata ile sentensi mnayoijua wote mlio nje ya nchi: "Dada, wewe si unapata randi?"

Jibu langu ni hapana. Lakini msikasirike kwanza, nisomeni hadi mwisho.

Nianze kwa kusema kwamba kaka si mjinga. Dizeli kweli inatumia mafuta kidogo, wala si uchawi. Injini ya petroli kama ile ya Baba inabana hewa na mafuta karibu mara nane kisha plagi inawasha. Ile ya dizeli inabana hewa tupu zaidi ya mara ishirini, hewa inapata moto mkali, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Kadiri unavyobana zaidi ndivyo unavyopata kazi zaidi kwenye tone lile lile. Juu ya hapo lita ya dizeli ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeibuni, alikuwa na injini inayofanya kazi vizuri tangu 1897, na hadi leo malori yote yanayopanda na kushuka kati ya hapa na Tunduma yanaishi kwa akili yake.

Halafu sisi tumekuzwa na watu waliojua maana ya kukosa mafuta. Mnakumbuka Baba alivyokuwa akisimulia marufuku ya Jumapili? Miaka ile ya 1970 na 1980, ikifika saa nane mchana siku ya Jumapili gari binafsi haliruhusiwi barabarani, na aliyechelewa kwenye harusi analala huko huko. Huku nilikohamia nako wana hadithi yao. Baada ya 1973, Waarabu walipowanyima mafuta kwa ajili ya siasa za ubaguzi, serikali ya makaburu ilipunguza mwendo kasi barabarani na vituo vikafungwa usiku na mwisho wa wiki. Mwaka 1979 Iran nayo ikafunga bomba baada ya mapinduzi. Ndiyo maana walitengeneza petroli kwa makaa ya mawe kule Secunda, na wakajenga kiwanda cha injini za dizeli pale Atlantis karibu na Cape Town, kikitengeneza injini za Perkins na za Mercedes kwa kibali. Kwa hiyo mtu anayesema "dizeli ndiyo akili" hakuokota maneno barabarani. Ametoka kwenye historia.

Sasa tufanye hesabu, maana neno lenyewe ni uchumi na uchumi bila hesabu ni hadithi tu.

Tuseme 504 ya petroli ikiwa nzima inakwenda kilomita 10 kwa lita. Tuseme ukiweka dizeli inakwenda 13. Nimekuwa mkarimu hapo, kaka asilalamike. Na tuseme lita ni shilingi 3,000 kwa mafuta yote mawili ili hesabu iwe rahisi, ingawa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatoa bei mpya na hakuna aliyeahidiwa kwamba dizeli itakuwa chini daima. Mwishoni mwa 2022, baada ya vita ya Ukraine, huku kwetu dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli, na wenye magari ya dizeli walikuwa wanalia kwenye vituo.

Gari la Baba litatembea kiasi gani? Mama kanisani Jumapili. Mara moja moja Mombo kupokea mgeni kwenye basi. Msiba Korogwe, harusi Tanga. Nimejumlisha hadi nikachoka, sijavuka kilomita 3,000 kwa mwaka. Kwa petroli hizo ni lita 300. Kwa dizeli ni lita 230. Umeokoa lita 70, yaani shilingi 210,000 kwa mwaka. Gawanya milioni nne na nusu kwa laki mbili na kumi elfu. Ni zaidi ya miaka 21 kabla injini haijarudisha hela yake! Kaka, wakati huo wewe utakuwa umestaafu na mimi nitakuwa naandaliwa kitanda kwenye wodi yangu mwenyewe.

Chukua upande wa pili. Mtu ana gari la abiria, anakwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 30,000, anaokoa karibu lita 700, shilingi milioni mbili na kidogo. Huyo baada ya miaka miwili na miezi kadhaa amerudisha hela yake, na kinachofuata ni faida. Huyo mwambieni afunge dizeli hata kesho. Vilevile wale wenye Land Rover za zamani wanaoshusha mboga kutoka milimani, ambao siku nzima wako kwenye gia ya pili na mzigo mgongoni, dizeli ni kazi yao hasa kwa sababu inavuta vizuri ikiwa taratibu. Sina ugomvi nao hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza injini gani inakula kidogo, mtu aulize gari litatembea kilomita ngapi. Kwenye kundi letu watu wameweka picha thelathini za injini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo.

Na hiyo milioni nne na nusu, ndugu zangu, ni ya kuanzia tu. Naomba niwasimulie kilichonitokea mwaka juzi, maana wengi sikuwaambia ili Mama asikose usingizi.

Kuna mzee mmoja Mkongomani anakaa Yeoville, tunamwita Papa, anatoka Lubumbashi na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Mke wake nilimfahamu kazini. Papa alikuwa na 504 ya mkia mrefu, na injini ya petroli ilipokufa aliweka ya Toyota ya dizeli. Fundi fulani wa uani alimfanyia. Gari lilikuwa linatembea, na Papa alikuwa anajisifu kwamba akijaza tangi mwezi unakatika. Jumamosi moja akanichukua pamoja na mkewe na mjukuu wa miaka sita, tunakwenda kumwona mgonjwa upande wa Parktown. Tulipoanza safari akasema, "Breki leo ngumu kidogo, ni baridi." Tukacheka.

Wanaoijua Johannesburg wanaijua Munro Drive, pale Houghton ya juu. Ni barabara ya zamani iliyokatwa kwenye mwamba, ina kona na kuta za mawe, inashuka kweli kweli. Tulipoanza kuteremka Papa akakanyaga breki, gari likapungua kidogo tu. Akakanyaga kwa miguu miwili, nikaona mgongo wake umeinuka kutoka kwenye kiti. Mjukuu akaanza kulia. Namshukuru Mungu mzee yule aliendesha malori ujana wake, akarudisha gia hadi ya kwanza injini ikapiga kelele kama inataka kupasuka, akaisugua tairi ya kushoto kwenye ukingo, tukasimama mita chache kabla ya kona. Mimi ni nesi, nimeona mengi, lakini siku ile mikono yangu haikuacha kutetemeka hadi jioni.

Tatizo lilikuwa nini? Kitu kidogo kabisa. Gari la petroli linapata msaada wa breki kutoka kwenye injini yenyewe, kwa sababu injini inapovuta hewa kupitia kilango cha kabureta inatengeneza mvuto, na mvuto huo ndio unaosaidia mguu wako. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kilango hicho, kwa hiyo haina mvuto wa kugawa. Inahitaji pampu yake. Kwenye zile Toyota, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternata. Wiki ile alternata ya Papa ilikufa, akapewa nyingine inayoingia vizuri na kuchaji vizuri, ila haina pampu nyuma. Fundi akaliziba bomba la breki kwa bolti, akamrudishia gari. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyebadilisha alternata hakuwa yule aliyefunga injini, na hakuna kitabu popote duniani kinachoeleza gari lile, kwa sababu gari lile liko moja tu.

Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko hesabu zote. 504 kama ilivyotoka kiwandani inajulikana. Fundi yeyote wa Korogwe au Arusha mwenye mvi kidogo anaijua kwa kupapasa. Siku ukiweka injini ya nje inakuwa gari ambalo linajulikana na fundi mmoja tu, na fundi huyo akihama, akifa au akikosana na wewe, umebaki na kitendawili.

Huku tunaishi kwenye nchi ya kupandikiza viungo, na kila mwanafunzi wa unesi anaisikia habari ya tarehe 3 Desemba 1967. Siku hiyo pale Groote Schuur, Cape Town, Dk. Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, mara ya kwanza duniani. Dunia nzima ilishangilia. Baada ya siku 18 mgonjwa akafa. Watu wengi wanadhani moyo ulikataa kupiga. Hapana, moyo ulikuwa unapiga. Alikufa kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni ziliuacha mwili bila kinga. Sisi wauguzi tunaijua vizuri sehemu hiyo. Upasuaji ni saa chache, lakini kumtunza mtu aliyepandikizwa ni kazi ya kila siku hadi mwisho wa maisha yake.

Injini nayo ni hivyo hivyo. Ngoja niwaorodheshee kile ambacho fundi wa kaka hakukitaja kwenye milioni nne na nusu. Kwenye 504 shafti inayopeleka nguvu nyuma imefungwa ndani ya bomba la chuma lililobanwa kwenye giaboksi upande mmoja na kwenye difu upande wa pili. Ni kitu kimoja. Giaboksi ya Toyota haishikani nalo. Kwa hiyo ama uchonge sahani ya chuma ya kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Peugeot, na ikikosewa hata kidogo klachi na beringi zitakufa kila mara, ama ubadilishe kila kitu hadi nyuma. Injini ya dizeli ni nzito, kwa hiyo springi za mbele zitalala. Inatetemeka, kwa hiyo mauntingi za kuchomelea zitapasuka zisipochomelewa na mtu anayejua. Inataka betri kubwa na stata kubwa, waya za kuwashia plagi za joto, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, na tangi lenyewe lisafishwe kutu yote ya miaka chini ya mparachichi, maana uchafu kidogo ukifika kwenye pampu ya dizeli na nozeli mtauza mbuzi wote.

Halafu mwendo. Injini ya petroli ya 504 inatoa nguvu zake zote ikizunguka mara 5,000 na ushee kwa dakika. Ile 3L inaishia 4,000. Difu ikiwa ile ile, gari litakuwa linalia kwenye lami ya Segera huku malori yanakupita. Na mkumbuke 3L haina taabo. Hewa ikiwa nyepesi inapungukiwa pumzi. Huku Johannesburg, mita 1,750 juu ya bahari, Papa alikuwa anapanda kilima kama mgonjwa wa moyo. Kutoka Mombo hadi Lushoto mnapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 30 na kidogo, tena kwa kona zile za Soni. Mnataka kweli?

Nitoe pia neno moja la kazi yangu. Mama ana pumu, na sababu yake sote tunaijua, miaka hamsini ya kupulizia kuni. Injini ya dizeli ya mtumba yenye nozeli zilizochoka inatoa moshi mweusi, na mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kuleta saratani. Siku hizi kuna dizeli safi, najua, magari mapya yana vichujio vya kila aina. Ile ya kutoka kwenye Hiace iliyochakaa haina hata kimoja. Sitaki kutuma randi zangu zikanunue moshi wa kumpulizia Mama mlangoni huku mwezi huo huo natuma nyingine za dawa yake ya kuvuta.

Na kuna karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta. Ukibadilisha lazima ukaandikishe mabadiliko TRA, na injini yenyewe iwe na karatasi zake za halali. Huku ukibadilisha injini unapita polisi kwanza wakague namba kama si ya wizi, na wengi wanaona uvivu wakaacha. Siku ya ajali bima inafungua bonneti, inaona injini siyo ile iliyoandikwa, inafunga faili. Papa mwenyewe hakuwa na karatasi hata moja. Kama tungemgonga mtu pale Munro Drive, sijui angekuwa wapi leo.

Najua mmoja wenu atasema, mbona Peugeot wenyewe waliuza 504 za dizeli? Kweli kabisa. Na kama mngeniambia mmepata injini ya dizeli ya 504 yenyewe pamoja na mauntingi zake, pampu yake na kila kilicho chake, ningepunguza ukali. Hiyo ni kama kupewa figo na ndugu wa tumbo moja. Lakini hesabu ya kilomita 3,000 haibadiliki. Wengine watasema gesi, kama wanavyofunga Dar siku hizi. Gesi sawa kwa anayeishi Dar kwenye vituo vyake. Lushoto mtajaza wapi?

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenichelewesha wiki nzima kuandika.

Mnajua Baba alivyolipenda lile gari. Alikuwa bwana shamba, alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1991 baada ya kuweka akiba miaka sijui mingapi, na akatuhadithia mara mia kwamba Peugeot ndiyo gari la Afrika, kwamba Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo na 404, 1966 na 1967, na kwamba 504 nayo ikaja kushinda 1975 na 1978. Alikuwa anafungua bonneti kila Jumamosi hata kama hakuna kilichoharibika. Mimi ndiye nilikuwa namshikia spana. Sauti ya ile injini ya petroli ikikohoa asubuhi na kisha kutulia ilikuwa ndiyo saa yetu ya kuamkia.

Alipofariki nilipata simu nikiwa zamu. Hadi nikapata ruhusa, nikapata tiketi, nikafika Dar, nikapanda basi, Baba alikuwa ameshazikwa siku ya pili. Hakuna aliyenilaumu. Lakini nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya si kwenda kaburini, nilikwenda kukaa kwenye lile gari. Kaka alinikuta humo, hakusema kitu, akaniletea chai.

Kwa hiyo kaka alipoandika "tulifufue", kidole changu kilikuwa tayari kwenye programu ya benki. Ningetuma siku ile ile. Na najua ningetuma kwa sababu gani. Isingekuwa kwa ajili ya lita 70. Ningekuwa nalipia ile siku ya mazishi. Na nadhani, kaka, unisamehe nikikosea, hata wewe hutafuti uchumi. Umemkosa mzee, unataka kulisikia gari lake likiwaka uani. Kama ni hivyo tuseme hivyo, hakuna aibu yoyote. Ila tusiliite uchumi, maana tukishaliita uchumi tutafanya mambo ya uchumi, tutang'oa kile kile tunachokitamani kukisikia na kuweka ngurumo ya Hiace mahali pake.

Basi pendekezo langu ni hili. Tutengeneze injini ile ile ya Baba. Ilibuniwa itengenezwe. Slivu zake zinatoka, unaweka mpya pamoja na pistoni na ringi bila kuchonga bloku. Silinda hedi ni ya alumini, ipelekwe kwa mtu mwenye mashine aikague kama imepinda na aisawazishe, gasketi mpya, kabureta isafishwe, rejeta izibuliwe ili isichemke tena, maana kuchemka ndiko kulikoiua. Spea za 504 bado zinapatikana, hata huku nimeziona, na Kenya waliziunganisha Mombasa kwa miaka mingi, kwa hiyo mnaweza kuulizia huko. Nitanunua seti ya gasketi na slivu huku na kumpa mtu anayekuja likizo Desemba. Hela ya fundi nitatuma kwa awamu, nikiona picha za kila hatua, si kwamba sikuamini kaka, ni kawaida yangu ya wodini, kisichoandikwa hakikufanyika.

Na kama kaka unataka gari la kazi, la kuingiza hela, tuzungumze hilo peke yake. Lete hesabu ya kilomita na abiria, nami nitaisoma kwa moyo mweupe. Hiyo ni biashara, na Baba asingekuwa na neno. Lakini lile la chini ya mparachichi liache liwe la kumpeleka Mama kanisani na kunipokea mimi Mombo nikija. Likinywa lita 70 zaidi kwa mwaka, hizo nitalipa mimi.

Nimesema yangu. Najua wajomba watanishambulia, hasa yule wa Tanga aliyefunga dizeli kwenye Cortina yake na hadi leo anaapa kwamba haijamsumbua. Mjomba, karibu utetee upande wako, ila kwanza utuambie breki zako zinapata mvuto wapi! Na nyote mlio na magari ya wazee, nendeni leo mkafungue bonneti, mfukuze kuku, mniandikie mlichokuta.

Kaka, nipigie Jumapili nikitoka zamu, saa mbili asubuhi ya huku, saa tatu ya huko. Mama nakuamkia, shikamoo. Usisahau dawa ya kuvuta.

Wenu wa Joni.